Denge la Wenzu

Tulimzika Wenzu mwezi uliopita, na katika ukumbi wa kanisa lao, watu walipokuwa wakinywa kahawa baada ya misa, kila aliyenisogelea alitaka kujua mimi ni nani. Si ajabu. Mwanamke mweusi wa makamo, kajitanda mtandio, kakalishwa kiti cha mbele pamoja na familia ya Wamalta, lazima watu waulize. Mmoja alidhani nilikuwa nesi wake. Mwingine, mama mwenye sauti ya upole, aliniuliza kama nilikuwa nikimfanyia usafi. Mjukuu wa marehemu, kijana mrefu mwenye pua ile ile ya babu yake, akaniokoa: "Huyu ni Tumu. Babu alikuwa akimtaja kila Krismasi." Kisha naye akaniinamia akauliza, "Lakini hasa mlijuanaje?" Jibu lake halienei kwenye kikombe kimoja cha kahawa. Nikamwambia tulijuana kwa ajili ya merikebu. Akaitikia kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu, akaniongezea biskuti. Nilirudi nyumbani na hasira kidogo, si kwake, ni kwangu mwenyewe, maana jambo hili nimekaa nalo miaka kumi na mitano na sijawahi kulisema lote.

Mwaka tulipojuana nilikuwa mwanafunzi, na nilikuwa nikikaa Thornhill, pembezoni mwa Toronto, katika nyumba ya Mwalimu Akberali. Alikuwa Khoja Ithnaasheri, yaani Mhindi wa madhehebu ya Shia, wa Tanga, mji wangu, na huko alikuwa amesomesha historia shule ya sekondari kabla ya kuhamia Toronto na mkewe na binti yao, Nasrin. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nasrin alikuwa amepata kazi Calgary, mbali kwa ndege. Figo za Mwalimu zilikuwa zimekufa zote mbili, kwa hiyo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na Thornhill bila gari ni sawa na kifungo. Ndipo Nasrin aliponitafuta kupitia watu wa Tanga. Nitaendesha gari la baba yake, nitampikia, nami nitapata chumba cha chini ya nyumba, chenye dirisha dogo lililokuwa usawa wa ardhi. Mwezi wote wa Januari dirisha lile lilizibwa na theluji, nikaishi kama panya buku. Nilikubali bila kuuliza mengi. Sikujua kwamba kumpikia mgonjwa wa figo ni elimu peke yake. Nazi marufuku, ndizi marufuku, machungwa marufuku, chumvi ya kunusa tu. Mbatata zilowekwe, maji yamwagwe, zichemshwe, maji yamwagwe tena, ndipo zipikwe, na zikifika mezani hazina ladha ya kitu chochote duniani. Mwalimu alikuwa akizitazama akisema, "Mwanatumu, hizi umezipika au umeziosha kama maiti?" Kisha anakula. Maji nayo alikuwa akipimiwa, maana yote anayokunywa yanabaki mwilini yakisubiri mashine.

Wenzu tulimkuta huko huko kwenye mashine. Chumba kilikuwa kirefu, viti vya kulalia vimepangwa safu mbili, na kila mtu ana kiti chake kama ana shamba lake. Kiti cha Mwalimu kilikuwa dirishani. Kilichofuata kilikuwa cha mzee mfupi, mabega mapana, kichwa kimejaa nywele nyeupe nzito alizozichana kwa majivuno. Aliwahi kuwa seremala wa mabehewa ya treni. Nesi wetu, Mkenya aitwaye Wanjiru, alikuwa akiwachoma sindano wote wawili huku akiwachombeza kwa Kiswahili na Kiingereza, mmoja anaelewa na mwenzake haelewi. "Mwalimu, leo kilo zimepanda buda, jana ulikunywa nini? Ndoo?" Siku ya kwanza Wenzu alisikia mazungumzo yetu, akauliza lugha gani ile, akauliza dini gani, na alipojibiwa akasema kwa Kiingereza chake cha Kimalta, "Watu wa dini yako walimwiba bibi yangu."

Mwalimu akamgeukia polepole, maana mkono wake ulikuwa umeshafungwa kwenye mirija. "Lini?" "Zamani za merikebu za makasia." "Aa," akasema Mwalimu. "Na merikebu za wakubwa wenu wa Malta, nani alikuwa akizivuta makasia?" Walinuniana siku hiyo na siku kadhaa zilizofuata, vichwa vimegeuziana visogo, na Wanjiru akanong'ona, "Hawa wazee wako wameanzisha vita gani?" Ilikuwa vita ya karne nne zilizopita. Mimi sikuwa naijua. Niliijua kidogo kidogo, kwa kuwasikia wakibishana, maana kununa saa nne mfululizo mkiwa mmefungwa ubavu kwa ubavu ni kazi ngumu, na Wenzu ndiye aliyeshindwa kwanza.

Nilichokisikia ni hiki. Katika bahari ya Mediterania, enzi hizo, vita ilipiganwa kwa merikebu ndefu nyembamba, zenye matanga ya kusafiria na makasia ya kupigania. Kila kasia lilivutwa na wanaume watano hivi wa benchi moja, mguu umefungwa mnyororo. Walisimama pamoja, wakakanyaga mbele pamoja, wakajitupa nyuma kwenye benchi pamoja, mpaka wapate amri ya kupumzika au wafe. Maharamia wa Tunis na Tripoli na Aljeri walikuwa na vibali vya watawala wao, wakishuka vijijini pwani ya Wakristo na kubeba watu. Bibi wa Wenzu, yaani bibi wa mabibi zake, alibebwa akiwa shambani anavuna, na ukoo mzima bado ulikuwa ukimwombea kwa jina kila Jumapili kabla ya kula. Na mashujaa wa Malta, askari wa kanisa wenye msalaba kwenye matanga, walifanya yale yale kwa Waislamu, nao wakawa na vibali vyao na baraka zao. Kilichonichoma ni jambo moja alilolieleza Mwalimu: merikebu ikitekwa, waliokuwa minyororoni wanafunguliwa, na waliokuwa wakiwachapa wanakalishwa pale pale, benchi likiwa bado na joto. "Kwa hiyo ushindi wao ulikuwa nini?" nikauliza. "Kubadilishana viti," akasema Mwalimu, akafumba macho kwa sababu mashine ilikuwa imeanza kumshusha presha.

Jioni moja ya Februari, nikiwa namwaga maji ya mbatata, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko na shuka lake begani. "Mwanangu, mimi nataka kuacha." Nilidhani anasema mbatata. "Mashine," akasema. "Nimeuliza, daktari kasema ni haki yangu. Ukiacha unalala, wiki moja, mbili, basi. Sina ugomvi na mtu. Nimechoka tu kufungwafungwa." Nikakaa kwenye kiti, sufuria mkononi. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba kila mtu anataka kuishi. Nasrin alipopiga simu nilimweleza, kwa sababu aliniuliza moja kwa moja, naye akalia kwa Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, "Tumu, please, mshikilie tu. Usimwache. Ni Daddy." Leo mimi mwenyewe nina binti, na namwelewa. Siku ile nilimwona anaomba kitu ambacho yeye alipaswa kuja kukifanya.

Sikumwambia Wenzu. Mwalimu mwenyewe alimwambia, wakiwa vitini, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kikao kilipokaribia kwisha Wenzu akamgeukia. Kisha akasema kwamba mkewe, Doris, kabla ya kufa alikuwa ameshona matanga ya merikebu ya makasia, matanga mawili ya pembetatu, kitani chekundu na cheupe chenye msalaba, kwa ajili ya merikebu ya mbao ambayo yeye Wenzu alikuwa aichonge ibebwe kwenye maandamano ya sikukuu ya kanisa lao mwisho wa kiangazi. Doris alifariki, merikebu haikuchongwa, matanga yamo kwenye sanduku. "Nimepanga chumba kimoja Parkdale, ghorofa ya tatu," akasema. "Hata pa kuweka ubao sina. Wewe una nyumba nzima." Mwalimu akacheka kwa puani. "Unataka Mwislamu akutengenezee merikebu ya msalaba?" "Nataka anisaidie mtu anayeijua. Pale kanisani wanaijua kwa kuimba tu." Mwalimu aliwaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika mlangoni akasema, "Haya. Nitaimaliza hiyo merikebu ya mzee. Ikishaisha, naacha. Mwambie Nasrin hivyo hivyo." Nikamwambia. Na kuanzia siku hiyo nikawa natamani merikebu ile isiishe kamwe.

Ilijengwa nje ya mlango wa chumba changu, juu ya meza ya mpira wa meza ambayo Nasrin aliichezea utotoni. Wenzu alikuwa akija siku zisizo za mashine, kwa treni na mabasi mawili, mfuko wa patasi mkononi, na mfukoni daima ana vikate vyao vya jibini ambavyo yeye na Mwalimu wote walikatazwa, wakigawana kimoja kwa siri huku mimi nikijifanya kipofu. Nyumba ilinuka gundi na vumbi la mbao. Mwalimu alisoma vitabu vya maktaba kwa sauti, Wenzu akachonga, na wakihesabu mabenchi kila mmoja kwa lugha yake walikuwa wakigongana kwenye sita na saba na tisa, maana Kimalta na Kiswahili vyote vimekopa kwa Mwarabu, na kila mara wakicheka kama ndiyo mara ya kwanza. Mikono yao ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo kazi ndogo ndogo zikawa zangu. Wapiga makasia, vinyago vya mbao, walikuwa wa kimo cha kidole gumba. Safu ya kwanza niliwagandisha wote wakitazama mbele, kama wavuvi wa kwetu wanavyopiga kafi, na Wenzu alipoona akashika kiuno. Wapiga makasia wanatazama nyuma, Tumu, akaniambia. Hawaoni waendako. Nikawabandua mmoja mmoja kwa kisu cha siagi.

Vichwa vyao ndivyo vilivyokuja kuleta balaa. Katika vitabu vile Mwalimu aligundua kwamba kwenye merikebu za Wakristo kinyozi ndiye aliyekuwa akitenganisha watu. Mfungwa wa makosa alinyolewa kichwa chote na ndevu zote. Mtu wa hiari, yaani fukara aliyejiuza mwenyewe kasiani apate kula, alinyolewa lakini akaachiwa masharubu. Na mtumwa Mwislamu alinyolewa kichwa akabakishiwa kishungi utosini, ili akitoroka ajulikane hata akivaa nguo za nani. "Denge!" nikasema. "Wamenyolewa denge!" Mwalimu akapiga paja. Akamweleza Wenzu kwamba kwetu watoto walikuwa wakinyolewa vile vile, kishungi kikabaki kati, na hakuna aliyewaita watumwa. Basi nikapaka rangi, kwa brashi ya nywele chache, vipara, masharubu, na denge nyingi kuliko vyote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alikuwa akiwachukua wale wa denge mmoja mmoja, akiwatazama kwa kioo cha kukuzia. Wengine akawapa majina. Kulikuwa na Rashidi wa benchi la nyuma ambaye Mwalimu alidai anafanana na mwanafunzi wake mmoja mtoro. Miezi ile ya Aprili na Mei hakutaja kuacha hata mara moja. Nami sikumkumbusha.

Agosti, mambo yakaharibika. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, Bwana Karmnu, alikuwa amekuja kuiona merikebu siku ambayo mimi niko chuoni, na siku iliyofuata Wenzu alikuja akasimama kwenye ngazi, kofia mkononi, asishuke. Akaniambia, "Tumu, kamati inaomba wote wawe na masharubu." Nikamwambia habari hiyo ampe mwenyewe Mwalimu, mimi simo. Mwalimu alikuwa ameshasikia. "Wote?" akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Wote. Wawe watu wa hiari. Karmnu hana nia mbaya, Akber. Anasema mtaa wetu siku hizi una Waislamu wengi, hataki mtoto wao aone watu wake wamefungwa minyororo kwenye chombo chenye msalaba." Mwalimu akaweka kioo chini. "Kwa hiyo huyo mtoto aambiwe babu zake walikwenda Malta kutembea?" Wenzu akapandwa na hasira. "Na bibi yangu? Alikwenda Tripoli kutembea? Mbona miezi yote hii hukusema tuchonge merikebu ya Tripoli na yeye ndani?" "Ungesema, ningekuchongea!" "Mimi nataka matanga ya Doris yapite mbele ya kanisa! Nimemwahidi! Ni masharubu tu, rangi tone moja!" "Waliwachukulia kila kitu," akasema Mwalimu, na sauti ilikuwa imekwisha. "Kilichobaki kuonyesha kwamba walikuwepo ni hizo nywele. Na wewe unanijia na brashi." Wenzu akavaa kofia akaondoka. Nilibaki katikati ya chumba, na ukweli ni kwamba nilimwonea huruma kila mmoja kwa zamu, na bado naona wote wawili walisema kweli.

Jumanne nikawasha gari. Mwalimu hakutoka. Nikaenda kumgongea, nikamkuta kakaa kitandani amevaa kanzu ya nyumbani. "Merikebu imeisha," akasema. "Tulikubaliana." Nikamsihi, nikamtajia Nasrin, nikamtajia marehemu mkewe, nikakasirika, nikamwambia anajiua kwa ajili ya vishungi vya mbao. "Si kwa ajili ya vishungi," akanijibu kwa upole. "Nilikwambia Februari." Wanjiru akapiga simu kutoka hospitali: "Mwalimu ako wapi? Kiti kinamngoja." Kufikia Alhamisi miguu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza inabonyea kama unga uliokandwa, na akipanda ngazi anasimama katikati kutafuta pumzi. Alikataa tena. Nilikaa jikoni nikalia mbele ya mbatata zake. Niliogopa kufa kwake, lakini zaidi niliogopa kwamba ningekuwa peke yangu naye wakati wa kufa, maana sikuwa nimewahi kumwona mtu akifa. Nasrin alikuwa ametafuta ndege, nafasi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya Jumamosi.

Kabla ya adhuhuri Wanjiru akapiga tena, safari hii sauti imebadilika. Wenzu amekuja, akapimwa uzito, akakaa kitini, kisha akakataa kufungwa. Kasema hafungwi kama wa pembeni yake hayupo. Kainuka, kaondoka, saa nzima iliyopita. "Na huyo leo akikosa, weekend hatoboi, nakwambia." Nilikuwa bado nimeshika simu kengele ya mlango ilipolia. Wenzu alikuwa kizingitini, uso wa kijivu, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi ingawa kulikuwa na joto kali. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani kwa Mwalimu, mimi nyuma yake, akasimama mbele ya kitanda, akavua kofia.

Zile nywele nyeupe alizokuwa akijivunia hazikuwapo. Kichwa kilikuwa cheupe kama yai, kimejaa mikwaruzo, sikio moja limebandikwa plasta, na utosini, kimepinda kidogo upande wa kushoto, kimebaki kishungi. Denge. Mzee wa miaka sitini na kitu, Mkatoliki wa kila asubuhi, amepanda treni na mabasi mawili na denge chini ya kofia.

Mwalimu akaegemea mbele, akakikagua kichwa kile. "Nani kakunyoa?" "Mimi mwenyewe. Kioo cha bafuni." "Umepinda." "Ninajua nimepinda." Kisha Wenzu akasema alichokuja kusema, haraka haraka, kama mtu anayeogopa atalia kabla ya kumaliza. Kamwambia Karmnu merikebu inapita na watu wake wote au haipiti. Karmnu kasema basi haipiti. "Sawa. Haipiti. Doris atanisamehe, alikuwa mwema kuliko mimi. Lakini wewe, Akber, kama utaacha, acha kwa sababu umechoka. Usiache kwa sababu yangu. Hilo siwezi kulibeba." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nami leo sivuti bila wewe."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka akakohoa, akacheka tena, na nikaona machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu. Aliinua mkono wake uliovimba akakigusa kile kishungi kwa ncha ya vidole. "Ukiona mwenzio ananyolewa," akaniambia mimi kwa Kiswahili, "zako tia maji." Kisha akasema, "Mwanatumu, niletee viatu. Vile vipana, vingine havitaingia." Nimeendesha gari miaka mingi Toronto, kwenye barafu na kwenye mvua ya mawe, lakini sijawahi kuendesha kama nilivyoendesha mchana ule, wazee wawili wanahema kiti cha nyuma, mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutojua kushika wembe. Wanjiru alipoliona lile denge alisema "Ghai!" akaziba mdomo, kisha akawafunga wote wawili bila kuuliza. Nasrin alipofika Jumamosi alimkuta baba yake kitini, yu hai, amekasirikia chakula. Alimsalimia Wenzu kwa baridi. Kwake yeye huyu alikuwa mzungu mwenye nywele za kichaa aliyetaka kumuulia baba yake.

Siku ya sikukuu merikebu haikupita mbele ya kanisa. Binamu yake Wenzu alikuwa na duka la mikate kwenye mtaa ule ule wa maandamano, akatutolea meza mbili barazani, tukaiweka pale na matanga ya Doris yamefunguliwa. Sanamu la mtakatifu wao lilipofika usawa wetu wabebaji walilitua kupumzika, kama walivyokuwa wakifanya kila baada ya nyumba kadhaa, na watu wakatuzunguka. Watoto waliuliza mbona huyu ana nywele hivi na yule vile, na Mwalimu, kwenye kiti cha magurudumu, akawaeleza mmoja mmoja, na bibi wa Wenzu pia akamtaja, kwa jina. Wenzu alisimama nyuma yake kichwa wazi, watu wa kwao wakimtazama kichwa na kumtazama mpiga kasia, na sikumwona hata mmoja aliyecheka. Naye Bwana Karmnu alikuja. Aliinama akaangalia, kisha akaenda dukani akarudi na glasi kubwa ya maji ya limau akampa Mwalimu. Mwalimu alishukuru, akanywa funda moja aliloruhusiwa, akaishika glasi ile mkononi mpaka mwisho wa shughuli ili mtu wa watu asione vibaya.

Jumanne iliyofuata ndiyo siku niliyokuwa nikiiogopa. Sasa merikebu ilikuwa imeisha kweli, imeonwa, hakuna kilichobaki cha kupaka wala kugandisha. Niliamka mapema nikajikalia kitandani, nikisikiliza juu. Sikusikia kitu. Nikapanda ngazi polepole nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia, na baadhi yalikuwa ya kumruhusu, maana mwaka ule ulikuwa umenifundisha hilo pia. Nikamkuta amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi. "Unanichelewesha," akasema. "Yule mzee atavuta peke yake." Hatukulizungumza tena jambo la kuacha. Alikwenda kila siku yake, mpaka Desemba, asubuhi moja ambayo moyo wake ulisimama usingizini. Uso ulikuwa umetulia. Nilikuwa peke yangu nyumbani, na kile nilichokiogopa nilikifanya: nilimfumba macho, nikamgeuza kuelekea kibla kama nilivyowasikia wazee wakisimulia, ndipo nikampigia simu binti yake, na baada ya binti yake, Wenzu.

Makaburini ardhi ilikuwa ngumu na upepo unakata masikio. Wajomba wawili walinung'unika kwamba wanawake tumefika hadi ukingoni, Nasrin akajifanya hasikii. Wenzu alisimama mbali kidogo, kofia mikononi, nywele zimekwisha kuota upya, laini kama za mtoto. Shekhe alipomaliza, watu walianza kusogea kumpa marehemu udongo, kwa desturi yao, wakiusukuma kaburini kwa migongo ya mikono. Wenzu aliwatazama wanavyofanya. Alijaribu mara moja kwenye hewa, aone mkono unageuzwaje, kisha akaja, akapiga magoti kwa shida, akachota udongo uliochanganyika na theluji.

Nasrin akamshika bega. "Hapana," akamwambia. "Wewe usitupe." Wenzu akageuka, na uso wake niliuona, akadhani amekosea, amegusa kisichomhusu, akaanza kuomba radhi. "Sikiliza," akasema Nasrin. Alikuwa akilia, na alimwinamia ili amsikie vizuri kwenye upepo. "Kwetu wanaotupa ni watu wengine. Ndugu wa marehemu hawamtupii udongo."

Wenzu alibaki amepiga magoti, viganja vimejaa. Kisha akavifungua, udongo ukamwangukia kwenye viatu, tukamwinua, mimi upande huu na Nasrin upande ule, akaja kusimama kwenye mstari wetu.